Vipuri vya Toughbook CF-31 jijini Nairobi: tathmini baada ya miezi mitano ya kutafuta

Kipakatalishi changu cha kazi ni Panasonic Toughbook CF-31, mashine iliyoundwa kuhimili kazi ngumu za nje, na nimetumia miezi mitano kukitafutia chaja, betri, kibodi na vifuniko vya mpira hapa Nairobi. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wapima ardhi wenzangu, mafundi wa injini za malori, na yeyote ambaye riziki yake imeshikana na mashine ya aina hii, kwa kuwa nilipoanza kuzunguka madukani sikupata mtu wa kunieleza ni kipuri kipi hununuliwa dukani, kipi huagizwa ng'ambo, na kipi hung'olewa kwenye mashine iliyokufa. Jibu nililolipata kwa gharama kubwa ni kwamba chaja na betri zina njia zake, ilhali vipuri vingine vyote ni afadhali kuvipata kwa kununua mzoga mzima wa mashine ya kizazi kilekile kuliko kuviokota kimoja kimoja.

Wenzangu wawili ofisini walinishauri ninunue mashine nyingine, na ushauri wao ulikuwa na uzito. CF-31 ilitoka mwaka 2010, na yangu, ingawa ni ya kizazi cha baadaye kidogo, imekwisha kupita umri ambao kompyuta nyingi huzikwa. Lakini ina mambo mawili ambayo siwezi kuyapata kwingine kwa bei ninayoimudu. La kwanza ni tundu la pini 9 la mfumo wa RS-232, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta, lililojengwa ndani ya mashine yenyewe, ambalo ndilo totali stesheni yetu ya zamani, yaani chombo cha kupimia pembe na umbali shambani, hulitumia kumwaga vipimo vya siku nzima. La pili ni programu ya hesabu za upimaji ambayo hubadilisha viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, kutoka mfumo wa Cassini-Soldner, uliotumika kuchora ramani nyingi za zamani za viwanja nchini Kenya, kwenda mfumo wa UTM wa Arc 1960. Programu hiyo hukubali Windows 7 pekee, na leseni yake imefungwa kwenye mashine hii. Kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 mnamo Januari 2020, siiunganishi mashine na intaneti hata kidogo, na kazi hutoka ndani yake kwa kijiti cha kumbukumbu tu.

Nilijaribu kwanza kuikwepa gharama kwa kutumia kebo ya USB yenye kichwa cha pini 9 kwenye kompyuta mpya ya ofisi. Kebo niliyouziwa ilikata mawasiliano katikati ya kumwaga vipimo mara mbili katika juma moja, na mara ya pili tulilazimika kurudi Kajiado kupima upya pande mbili za shamba. Tatizo la kebo hizi ni chipu iliyomo ndani yake. Nakala bandia za chipu za Prolific na FTDI zimeenea mno, na dreva rasmi za kampuni hizo, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na kebo, huzikataa. Mwaka 2014 FTDI ilifika hadi ya kutoa dreva iliyozizima kabisa nakala za chipu zake, na watu ambao hawakujua kwamba walikuwa wameuziwa bandia wakabaki na kebo zisizofaa kitu. Kebo yenye chipu ya kweli hufanya kazi vizuri, sikatai, ila kwa mtu anayelipwa kwa siku ya kazi shambani, tundu lililojengwa ndani ya mashine halina mbadala.

Mashine yenyewe naistahi. Gamba lake ni la magnesiamu, uzito wake unakaribia kilo 3.7, na skrini yake ya inchi 13.1 ina mwanga wa zaidi ya niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini), kiasi kwamba naisoma saa sita za mchana Isinya bila kuifunika kwa koti. Imethibitishwa kwa kiwango cha IP65, ambapo tarakimu ya 6 ina maana kwamba vumbi haliingii kabisa, na ya 5 kwamba inahimili maji yanayorushwa kwa mpira wa bomba. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloutofautisha ukarabati wa mashine hii na wa laptopu ya kawaida: kila kipuri unachokibadilisha kinakulazimu kuufungua mfumo wa kuzuia vumbi na maji, na fundi asiyeelewa hivyo atakurudishia mashine inayowaka vizuri lakini iliyopoteza kinga yake.

Nilianza na chaja kwa sababu ndiyo iliyokufa kwanza. Kwenye maduka ya Luthuli Avenue, na kwenye majengo ya maduka madogo ya Moi Avenue na Kimathi Street, kuna chaja za kila sura, lakini karibu zote ni za volti 19, 19.5 au 20. Chaja asilia ya CF-31 imeandikwa volti 15.6 na ampea 7.05, yaani wati 110. Hatari iko hapa: kichwa chake cha duara kinafanana na cha chaja kadhaa za volti 19, hivyo chaja isiyofaa huingia kwenye tundu bila kulazimishwa.

"Mkubwa, kichwa kikiingia, mashine itakula," muuzaji mmoja aliniambia huku ameishika waya, tayari kuichomeka.

Nilimwomba asiichomeke. Hakuwa na nia mbaya, kwa sababu kwenye laptopu nyingi za kawaida kanuni yake humfikisha salama, lakini kwenye mashine hii tofauti ya volti zaidi ya 3 ni kubwa mno kuijaribu kwenye bodi kuu ambayo haipatikani. Duka la pili lilinipa chaja yenye swichi ya kuchagua volti. Kwenye 15 mashine ilikataa kuchaji. Kwenye 16 ilichaji, ila chaja hiyo ilikuwa na ampea 4.5 tu na baada ya dakika ishirini ilikuwa moto kiasi cha kutoshikika, nikairudisha siku hiyohiyo, na muuzaji akanirudishia pesa zangu bila maneno. Kuna pia chaja za Toughbook nyingine zenye volti 15.6 na ampea 5. Hizo ni za wati 78, na ingawa volti ni sawa, haziwezi kuiendesha CF-31 yenye kazi nzito na kuichaji kwa wakati mmoja.

Chaja niliyobaki nayo ni asilia iliyotumika, niliyoinunua kwa shilingi 3,500 kutoka kwa mfanyabiashara anayewauzia mafundi wa magari mashine za kupimia injini. Hilo ni fundisho lililonifaa hadi mwisho wa safari hii: Toughbook nyingi zilizoko Nairobi ziko mikononi mwa watu wa magari, si wa kompyuta, na ukiulizia CF-31 kwenye duka la laptopu utatazamwa kwa mshangao, lakini ukiiulizia karibu na gereji za malori utaelekezwa nyumba ya tatu. Mfanyabiashara huyo aliniruhusu kuipima chaja kwa namna niliyotaka. Kipima volti peke yake hakitoshi, kwani chaja iliyochoka husoma 15.6 ikiwa haijabeba mzigo, kisha volti zikaanguka mara tu mashine inapoanza kuvuta umeme. Tuliichomeka kwenye mashine yangu, betri ikiwa karibu tupu na skrini ikiwa kwenye mwanga wa juu kabisa, tukasubiri nusu saa. Haikuyumba, wala haikuchemka.

Kwenye betri ndiko nilikopoteza pesa na muda mwingi zaidi. Betri yangu ya zamani ilikuwa na lebo ya CF-VZSU46, volti 10.65 na ampea-saa 8.55. Ukizidisha unapata wati-saa 91, na namba hiyo uishike, kwa sababu ndiyo itakayokupa kipimo cha kumkagua muuzaji na pia kukuambia kama betri inaweza kupanda ndege.

Betri ya kwanza niliinunua dukani mjini kwa shilingi 7,500. Lebo ilikuwa sahihi hadi nukta ya mwisho, boksi lilikuwa jipya, na muuzaji aliniapia kuwa ni orijino. Nilipoishika niliiona nyepesi kuliko ile niliyoizoea, nikajiambia kwamba labda ni mazoea ya mkono tu. Nyumbani niliendesha amri ya powercfg -energy, ambayo kwenye Windows 7 hutoa ripoti inayoonyesha uwezo wa betri wakati wa kutengenezwa na uwezo wake wa sasa ikijazwa, na namba zote mbili zilikuwa nzuri. Siku tatu baadaye, tukiwa Isinya, mashine ilizimika ghafla huku ikionyesha kwamba betri bado ina asilimia 47.

Namba hizo zilikuwa zimeandikwa tu kwenye chipu ya betri, na chipu inaweza kuandikiwa chochote. Kipimo cha kweli ni saa ya ukutani. Mashine yangu, ikifanya kazi ya kawaida, hutumia kama wati 13, kwa hiyo betri ya wati-saa 91 inapaswa kunipa karibu saa saba. Nilizima hali ya usingizi, nikaacha mwanga wa skrini mahali pamoja, nikaandika saa ya kuanza, na mashine ilikufa baada ya saa mbili na dakika kumi. Niliporudi dukani na maandishi yangu, nilijibiwa kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi, na kwamba risiti yangu ilisema "betri ya laptopu" bila kutaja aina wala uwezo. Katika jambo hilo la risiti walikuwa sahihi, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla namba ya kipuri na uwezo wake havijaandikwa kwenye risiti, pamoja na idadi ya siku ninazoruhusiwa kukirudisha. Muuzaji anayekijua anachokiuza huandika bila kusita, na nimegundua kuwa kusitasita kwake ni taarifa tosha.

Baada ya hapo nilifikiria kubadilisha seli zilizomo ndani ya betri ya zamani. Ndani yake kuna seli 9 za duara za aina ya 18650, zilizopangwa tatu tatu, na seli za aina hiyo zinauzwa waziwazi Luthuli Avenue kwa ajili ya tochi na redio. Fundi niliyemwamini alinikataza, na sababu zake ziliniridhisha. Kwanza, seli nyingi za bei rahisi zimeandikwa uwezo wa 9,900 mAh (miliampea-saa), ilhali seli ya kweli ya ukubwa huo iliyo bora huzunguka 3,500 tu. Seli nzuri huwa na uzito wa takriban gramu 45, na zile za bandia ukiziweka kwenye mizani ndogo ya dhahabu utaona zilivyo na upungufu. Pili, chipu ya ulinzi katika betri nyingi za namna hii hujifunga moja kwa moja umeme wa seli unapokatika, na hata ukiziunganisha seli mpya kwa ustadi, betri hubaki imekufa mpaka chipu ifunguliwe kwa vifaa maalumu. Tatu, na hili alilisema kwa sauti nyingine kabisa, betri ya lithiamu iliyolehemiwa vibaya inaweza kuwaka moto, na mimi huibeba yangu kwenye kiti cha gari nikiwa na vijana wawili wa kazi.

Njia ya kuagiza kutoka ng'ambo nayo ilikuwa na vikwazo ambavyo sikuvijua. Wauzaji watatu waliokuwa na betri asilia walikataa kuituma Kenya, na sikuelewa hadi nilipopewa sababu: tangu tarehe 1 Aprili 2016 kanuni za usafiri wa anga zinakataza betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, bila kuwa ndani ya kifaa, kupakiwa kama mzigo kwenye ndege za abiria, na zile zinazosafiri kwa ndege za mizigo hazipaswi kuwa na chaji inayozidi asilimia 30. Muuzaji mdogo haoni faida ya kupitia taabu hiyo kwa betri moja. Lakini abiria anaweza kubeba betri ya akiba kwenye mkoba wa mkononi, mradi isizidi wati-saa 100 na vichwa vyake vimekingwa visigusane na chuma, na ni marufuku kuiweka kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Betri ya wati-saa 91 inapita. Shemeji yangu alikuwa anarudi kutoka Birmingham, nikamtumia muuzaji wa Uingereza pesa, naye shemeji akaibeba ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, vichwa vikiwa vimezibwa kwa utepe.

Jambo moja nililomsihi shemeji alikague kabla ya kuipokea lilikuwa tarehe ya kutengenezwa iliyoko kwenye lebo. Betri huzeeka hata ikilala kwenye boksi lake, na betri asilia iliyokaa ghalani miaka minane inaweza kuwa mbovu kuliko nakala nzuri iliyotengenezwa juzi. Hii niliyoletewa ilinipa saa sita na dakika arubaini kwa kipimo kilekile cha saa ya ukutani. Ilinigharimu karibu mara mbili ya ile ya dukani, na naihesabu kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi. Nikiwa ofisini, ambako mashine hushinda imechomekwa, nimeiwashia hali ya ECO ya Panasonic, ambayo huzuia chaji isipite asilimia 80 ili betri isichoke mapema. Usiku wa kuamkia safari ya shambani ndipo ninapoizima na kuijaza yote.

Kibodi ndiyo iliyonifikisha kwenye mzoga. Herufi nne za upande wa kushoto zilikuwa zimekufa, na nilianza kwa kuagiza kibodi peke yake kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni. Bei ilikuwa dola 45, nauli ikaongezeka, na ilipofika Nairobi nikatozwa kodi ya VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya bei pamoja na nauli, mbali na ada za forodha na za wakala. Ilikaa majuma sita njiani. Nilipoifungua niliona kwamba ni kibodi isiyo na taa, ilhali yangu ni ya mpira yenye taa, na utepe wake wa umeme haukulingana na soketi ya bodi yangu. Muuzaji hakuwa amenidanganya. Tangazo lilisema "CF-31", na kweli ilikuwa ya CF-31. Jina hilo linabeba vizazi kadhaa vya mashine zinazofanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani, na kinachozitenganisha ni herufi na tarakimu zinazofuata baada ya CF-31 kwenye lebo iliyoko chini ya mashine. Ipige picha lebo hiyo, picha isomeke vizuri, na umwonyeshe kila muuzaji kabla hujataja bei.

Nikiwa na picha hiyo nilirudi kwa yule mfanyabiashara wa mashine za magari, naye baada ya juma moja akanipigia simu. Alikuwa amepata CF-31 ya kizazi changu katika shehena ya kompyuta zilizotumika Uingereza. Skrini yake ilikuwa imepasuka, haikuwa na diski, na ilikuwa imefungwa kwa nenosiri la msimamizi ambalo kwenye Toughbook haliondoki kwa kung'oa betri ya saa kama ilivyo kwenye kompyuta nyingine. Kwa mtu anayetafuta mashine ya kutumia, hiyo ni takataka. Kwangu ilikuwa ghala. Nililipa shilingi 9,000, na ndani yake nilipata kibodi nzima yenye taa, kasha la diski lenye kiunganishi chake maalumu, bawaba mbili ambazo hazijalegea, kebo ya skrini, vifuniko vitano vya matundu vyenye mipira yake, na skrubu zote, ambazo usizidharau, kwa kuwa skrubu asilia zina urefu tofauti tofauti na ukiweka ndefu mahali pa fupi unaweza kuitoboa bodi.

Ukilinganisha, kibodi isiyofaa peke yake iliishia kunigharimu zaidi ya shilingi 8,000 hadi mlangoni. Ndiyo maana nasema kwa uthabiti kwamba kununua mzoga ni bora. Una hakika ya ulinganifu kwa sababu kila kitu kimetoka kwenye mashine ileile, unakiona kwa macho kabla ya kulipa, na kesho kitakapoharibika kingine tayari kiko kabatini. Upungufu wake ni mmoja mdogo: mashine za Uingereza zina mpangilio wa herufi wa huko, wenye alama ya pauni juu ya 3 na kitufe cha kuingizia (Enter) chenye umbo tofauti, na vidole vyangu vilichukua siku kadhaa kuzoea.

Ufundi wa kuvihamisha vipuri nilimkabidhi yuleyule fundi aliyenikataza kubadilisha seli, dada mwenye chumba kidogo cha kazi ghorofa ya tatu katika jengo moja la mjini. Alitoza shilingi 4,000 na kuichukua mashine kwa siku mbili, na ingawa wapo wanaotoza nusu ya hizo, nilikaa naye saa ya kwanza nikaona ninacholipia. Alichora umbo la mashine kwenye karatasi, akaibandika kila skrubu mahali pake kwenye mchoro kwa utepe. Alivaa kamba ya kifundo cha mkono ya kuondoa umeme tuli. Kabla ya kung'oa kitu chochote alinionyesha ukanda mwembamba wa kuzuia maji uliozunguka kibodi, akanieleza kwamba ukanda huo ukishabanduliwa haubandiki tena vizuri, na kwamba lazima uwekwe mpya.

"Mzee, kibodi itafanya kazi leo hii hii," alisema, "lakini huu ukanda ndio ninaoutafutia siku ya pili."

Aliutafuta siku nzima na hakuupata wa unene uleule. Aliweka wa pande mbili unaotumika kwenye skrini za simu kubwa, akaukata kwa vipande vinne vilivyoingiliana pembeni, kisha akaujaribu kwa kukaza ukanda wa karatasi katikati ya mfuniko na mpira wake, sehemu baada ya sehemu, ili aone kama karatasi inavutika. Ilivutika mahali pamoja, karibu na kona ya kulia, akapafungua na kupafunga upya. Alinieleza waziwazi kwamba kazi hiyo inazuia vumbi na matone, na kwamba yeye hawezi kuniahidi zaidi ya hapo. Namheshimu kwa kauli hiyo kuliko kwa kazi yenyewe, kwa sababu fundi mwingine angenihakikishia kuwa mashine iko kama ilivyotoka kiwandani, nami ningeiacha nje wakati wa mvua za Aprili. Sasa siichukulii tena kuwa ya IP65. Mawingu yakikusanyika, inaingia garini.

Lawama yangu kwake ni kwamba hakuniambia mapema kuhusu kipoza joto. Alipoifungua mashine alikuta mafuta ya kupitisha joto juu ya prosesa yamekauka na kuwa kama chokaa, akayabadilisha na kuniongezea shilingi 500 kwenye hesabu bila kunipigia simu. Kazi ilihitajika, na mashine kwa kweli haichemki tena kama zamani, lakini simu ya dakika moja ingetosha. Nilimwambia hivyo, akakubali, na tukaachana kwa wema.

Kwa sasa mashine inafanya kazi zote nilizoihitaji. Totali stesheni inamwaga vipimo bila kukatika, kibodi imekamilika, betri inanichukua kutoka asubuhi hadi saa nane za mchana, na mzoga uliobaki uko ndani ya boksi chini ya meza yangu, ukiwa na bawaba na kebo ya skrini ambazo nadhani ndizo zitakazofuata kuhitajika. Kilichokosekana ni kifuniko cha tundu la chaja peke yake. Mashine ya pili ilikuwa nacho, lakini kilikuwa kimekatika palepale kilipokatika changu, kwenye kiungo chembamba kinachokunjwa kila siku wakati wa kuchomeka waya, na yule mfanyabiashara aliponionyesha picha za CF-31 nyingine mbili alizonazo, zote mbili zilikuwa zimekatika mahali hapo. Nimeagiza kifuniko kipya kutoka Uingereza, safari hii nikiwa nimetuma picha ya lebo kabla ya kulipa. Mpaka kitakapofika, nimeziba tundu kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kilichokatwa kwa kipimo, na nikiwa shambani naichaji mashine ndani ya gari tu, vioo vikiwa vimepandishwa.